Hamburg: mji wa "huru" tatu na mto mmoja

Kibao cha namba cha gari la Hamburg huanza na herufi HH. Cha Bremen huanza na HB, cha Lübeck na HL. H ya kwanza katika vyote vitatu ni ya Hanse, ule muungano wa miji ya wafanyabiashara uliotawala biashara ya Bahari ya Baltiki na Bahari ya Kaskazini katika zama za kati. Mkutano mkuu wa mwisho wa Hanse ulifanyika Lübeck mwaka 1669, kwa hiyo magari haya hubeba jina la chama kilichokufa zaidi ya miaka 350 iliyopita. Jina rasmi la mji limebeba hata zaidi: Freie und Hansestadt Hamburg, mji huru na wa Hanse.

Neno "huru" ndilo linalowapoteza wasomaji wengi. Ndani yake mna mambo matatu yaliyokuja kwa nyakati tofauti na kwa sababu tofauti. La kwanza ni kusamehewa ushuru mtoni. La pili ni mji kutokuwa chini ya bwana yeyote ila Kaisari. La tatu ni bandari huru, yaani eneo lililozungushiwa ua ambamo shehena huingia bila kulipiwa forodha. Mtu akiyachanganya atadhani Hamburg ilizaliwa na bahati. Ukweli ni kwamba kila "huru" ilitafutwa kwa miaka mingi, na moja ilipatikana kwa hati ya kughushi.

Chini ya yote matatu kuna mto Elbe. Kutoka katikati ya Hamburg hadi Cuxhaven, mto unapomwagikia baharini, ni zaidi ya kilomita 100. Maji ya bandarini ni matamu, lakini hujaa na kupwa mara mbili kwa siku kama ya pwani. Bila kulielewa hilo, historia ya mji huu haieleweki.

Kwa nini pale hasa

Hapo mwanzo palikuwa na ngome, Hammaburg, iliyojengwa karne ya 9 kwenye kichuguu cha mchanga karibu na mahali mto mdogo wa Alster unapoingia Elbe. Ansgar, mmisionari wa nchi za kaskazini, aliweka kiti chake hapo. Mwaka 845 Waviking walipanda mto wakaichoma ngome, na kiti cha askofu kikahamia Bremen. Kwa karne tatu zilizofuata hapakuwa na jambo kubwa la kibiashara la kusimulia.

Mji wa wafanyabiashara ulianza mwaka 1188. Adolf wa Tatu, kabaila aliyetawala Holstein, alikabidhi ardhi ya ukingo wa Alster kwa kundi la walowezi chini ya Wirad wa Boizenburg, ili wajenge makazi yenye gati. Mkono wa zamani wa Alster unaoitwa leo Nikolaifleet ndio uliokuwa bandari ya kwanza. Ziwa la Alster ambalo wageni hupiga nalo picha halikuwapo: ni bwawa la kinu cha kusagia nafaka, lililotokana na kuziba mto huo katika karne ya 13.

Mahali palichaguliwa kwa akili. Kingo nyingi za Elbe ya chini ni kinamasi, na hapa ardhi ngumu iliyoinuka inaukaribia mto. Pili, kuna yale maji ya kujaa na kupwa. Nahodha wa jahazi anayetoka baharini hakuhitaji upepo mzuri tupu. Alingoja maji yaanze kujaa, akang'oa nanga, akasukumwa kupanda mto. Yalipoanza kupwa alitia nanga na kungoja zamu nyingine. Kwa zamu chache alikuwa Hamburg, katikati ya nchi, palipo na nafaka, mbao na kitani zinazoteremka kutoka bara. Mali ya bara na chombo cha bahari vilikutana pale, na atakayepashika mahali hapo angekula pande zote mbili.

"Huru" ya kwanza: hati ya 1189

Kila mwaka mwezi Mei Hamburg husherehekea siku ya kuzaliwa kwa bandari. Tarehe inayoadhimishwa ni 7 Mei 1189, siku ambayo inasemekana Kaisari Friedrich Barbarossa, akiwa njiani kwenda vita vya msalaba, aliwapa watu wa Hamburg hati. Hati inasema kwamba wao, meli zao na mali zao hawatatozwa ushuru kutoka baharini hadi mjini, na kwamba hakuna mtu atakayejenga ngome ndani ya maili mbili za mji. Maili hizo ni za Kijerumani za wakati ule, kila moja ikizidi kilomita saba.

Hati iliyopo leo ni ya kughushi, iliandikwa yapata mwaka 1265. Wanahistoria wengi wanakubali kwamba huenda Barbarossa alitoa upendeleo wa namna fulani, pengine kwa mdomo, lakini ngozi yenye maandishi ilitengenezwa zaidi ya miaka 70 baadaye. Kisa chake ni cha kawaida kabisa. Chini ya mto, upande wa kusini, upo mji wa Stade, na askofu mkuu wa Bremen alitaka kutoza ushuru hapo kwa kila chombo kinachopita. Wafanyabiashara wa Hamburg wakasema wamesamehewa tangu enzi. Mbele ya hakimu, "tangu enzi" haina nguvu bila karatasi. Karatasi ikapatikana.

Tusiwahukumu kwa haraka. Katika zama za kati monasteri, maaskofu na miji vilighushi hati kwa wingi, mara nyingi ili kuandika haki waliyoamini kwamba tayari wanayo. Tofauti ya Hamburg ni kwamba hati yake ilifanya kazi kwa muda mrefu mno. Ushuru wa Stade wenyewe haukufutwa hadi mwaka 1861, na ulifutwa kwa fidia ya fedha. Hoja za wanasheria hazikuuondoa.

Wakati huohuo Hamburg ilijifunga na Lübeck. Mapatano ya mwaka 1241 yalihusu kulinda barabara kati ya miji miwili, mwendo wa kilomita 60 na kidogo. Ukitazama ramani utaona faida yake: mali ya Baltiki ikipita nchi kavu kutoka Lübeck hadi Hamburg inakwepa safari ndefu ya kuizunguka Denmark, yenye dhoruba na, baadaye, ushuru wa mlango bahari wa Øresund. Lübeck alikuwa mkubwa na Hamburg mlango wake wa magharibi. Bidhaa ya Hamburg yenyewe ilikuwa bia. Katika karne ya 14 mji ulikuwa na wapishi wa bia zaidi ya 400, na bia yao iliyotiwa hopsi (maua machungu ya kukolezea bia), inayodumu safarini bila kuchacha, ilinywewa Uholanzi na Flanders. Mwaka 1323 Amsterdam ilifanywa kituo cha ushuru wa bia ya Hamburg, na biashara hiyo iliwasaidia watu wa Amsterdam kukua.

Mto uliochongwa

Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Elbe ikifika eneo la Hamburg hugawanyika: mkono wa kaskazini, Norderelbe, hupita mjini, na mkono wa kusini, Süderelbe, hupita Harburg, mji uliokuwa chini ya watawala wengine. Mikono huungana tena magharibi. Kwa hiyo chombo kingeweza kuipita Hamburg bila kuigusa, na maji mengi yakielekea kusini, mkono wa kaskazini ungejaa mchanga.

Dawa ya Hamburg ilikuwa ya aina tatu, na zilitumika pamoja.

Ya kwanza ilikuwa matuta. Mwishoni mwa karne ya 14 na katika karne ya 15 mji uliziba mikono midogo ya mto upande wa mashariki ili maji mengi zaidi yaelekee Norderelbe na kusukuma mchanga. Mmoja wa mikono hiyo unaitwa hadi leo Dove Elbe, yaani Elbe kiziwi, kwa kuwa hausikii tena mkondo. Wakulima na watawala wa jirani walilalamika, kwani kila lita iliyopelekwa Hamburg ilitoka kwa mtu mwingine.

Ya pili ilikuwa kushika mlango wa mto. Kati ya 1300 na 1310 mji ulijenga mnara mnene wa matofali kwenye kisiwa cha Neuwerk, mbele kabisa ya mdomo wa Elbe. Ulikuwa ngome dhidi ya maharamia na alama ya kuongozea vyombo, na kuanzia mwaka 1814 ulitumika kama mnara wa taa. Mwaka 1394 Hamburg ikaichukua ngome ya Ritzebüttel upande wa bara, mahali palipo Cuxhaven. Klaus Störtebeker, haramia aliyegeuka hadithi, alikatwa kichwa Hamburg karibu na mwaka 1400, na hiyo ilikuwa sehemu ya kazi hiyohiyo ya kusafisha njia. Tangu karne ya 15 mji uliweka pia maboya mtoni kwa gharama yake. Hiyo ilikuwa kazi ya kila mwaka: barafu ya baridi huyang'oa maboya, dhoruba huuhamisha mchanga, na mkondo uliopitika mwaka jana huenda usipitike mwaka huu.

Ya tatu ilikuwa sheria. Hamburg ilidai haki ya kuwashusha wengine shehena: nafaka na bidhaa nyingine zinazoteremka Elbe zilipaswa kusimama mjini na kuuzwa sokoni kwake kabla ya kuendelea. Kwa mji ni mapato, kwa jirani ni unyang'anyi. Watawala wa Braunschweig-Lüneburg waliipeleka Hamburg kwenye mahakama kuu ya dola (Dola Takatifu la Kiroma, lililokuwa chini ya Kaisari) iliyokuwa Speyer.

Kesi hiyo imetuachia kitu cha ajabu. Mwaka 1568 baraza la mji lilimpa kazi mchoraji Melchior Lorichs, aliyewahi kuishi Istanbul na kuchora sura ya Sultani Suleiman, achore Elbe yote ya chini kutoka Geesthacht hadi baharini. Alichora ramani ya rangi yenye urefu wa takriban mita 12. Si ramani ya nahodha, ni ushahidi wa wakili. Maboya na alama za mto zimechorwa kubwa kupita kiasi, ili majaji walioishi mbali na bahari waone kwa macho nani anautunza mto, na kwa hiyo nani ana haki nao. Ramani ipo hadi sasa katika hifadhi ya nyaraka ya Hamburg. Kesi yenyewe ilikokota miaka mingi kuliko uhai wa wengi walioianzisha.

"Huru" ya pili: mji bila bwana

Wafalme wa Denmark, waliorithi Holstein, walishikilia kwamba Hamburg ni mji wao. Hamburg ilijibu kwamba ni mji huru wa dola na humtii Kaisari tu. Mahakama kuu ya dola iliupa mji haki mwaka 1618, lakini Denmark haikukubali hadi mapatano ya Gottorf ya mwaka 1768, yaani miaka 150 ya mdai kukataa hukumu. Katikati ya hapo mfalme wa Denmark aliikuza Altona, mji ulio mlangoni kwa Hamburg, akaupa haki za mji mwaka 1664 pamoja na uhuru wa dini na biashara ili kuwavuta watu. Watu wa Hamburg wana mzaha wa zamani kwamba jina Altona ni maneno ya lahaja yao "all to nah", karibu mno.

Jambo linalosahaulika ni kwamba ukubwa wa Hamburg ulikuja Hanse ilipokuwa inakufa, na kwa kuvunja kanuni zake. Hanse iliwataka wanachama wawabane Waingereza. Hamburg, mwaka 1567, ikawapa chama cha wafanyabiashara wa nguo wa Kiingereza mkataba wa miaka kumi wa kukaa na kuuza mjini. Wanachama wenzake walipiga kelele, mkataba ukaisha, kisha mwaka 1611 Waingereza wakarudi. Waholanzi waliokimbia vita na Wayahudi wenye asili ya Ureno nao walipokelewa, pamoja na mitaji yao na ujuzi wa biashara ya mbali. Wachungaji wa Kilutheri hawakufurahia. Baraza la wafanyabiashara lilihesabu faida kwanza.

Vyombo vya biashara vikafuata: soko la wafanyabiashara mwaka 1558, benki mwaka 1619. Benki hiyo inastahili maelezo, kwa sababu ilitatua tatizo ambalo leo tungeliita la sarafu. Kila mtawala wa Ujerumani alipiga sarafu zake na wengi walipunguza fedha ndani yake kisirisiri. Mfanyabiashara akipokea kapu la sarafu 1,000 hakujua ana fedha halisi kiasi gani. Benki ya Hamburg ilipokea fedha, ikaipima uzito, ikaandika kiasi katika kitabu kwa kipimo kilichoitwa Mark Banco. Sarafu ya Mark Banco haikuwahi kupigwa. Malipo kati ya wafanyabiashara yalifanywa kwa kuhamisha tarakimu kutoka ukurasa mmoja hadi mwingine, na fedha yenyewe haikutoka ghalani. Mfumo huo ulidumu hadi 1875, ulipomezwa na sarafu na benki ya dola jipya la Ujerumani.

Ukuta wa ngome, uliojengwa kati ya 1616 na 1625 na mhandisi Mholanzi Johan van Valckenburgh, ulimalizika wakati mwafaka. Vita vya Miaka Thelathini viliteketeza nusu ya Ujerumani na Hamburg haikuguswa. Katika karne ya 18 utajiri ulitoka zaidi kwenye sukari: mamia ya viwanda vidogo vya kusafisha sukari vilipata malighafi kupitia Bordeaux kutoka mashamba ya Karibi yaliyolimwa na watumwa. Mji usio na koloni ulikula matunda ya koloni za wengine. Halafu wakaja Wafaransa, mwaka 1806. Napoleon akazuia biashara na Uingereza na mwaka 1811 akaiunganisha Hamburg na Ufaransa. Wakati wa baridi ya 1813 jeshi lililozingirwa liliwafukuza nje ya malango maelfu ya maskini wasio na akiba ya chakula. Uhuru uliporudi mwaka 1814, soko la sukari lilikuwa limevurugika.

Kauri za Zanzibar

Hapa ndipo Hamburg inapokutana na pwani yetu, miongo kadhaa kabla ya Carl Peters na mikataba yake ya ulaghai. Katika miaka ya 1840 wafanyabiashara wa Hamburg waligundua kwamba kauri, zile simbi zilizookotwa kwa wingi katika pwani ya Afrika Mashariki, zilikuwa fedha katika Afrika Magharibi. Kampuni ya O'Swald ilifungua wakala wake Zanzibar mwaka 1849, na Hansing ikafuata. Mzunguko ulikwenda hivi: bidhaa za viwandani kutoka Hamburg hadi Zanzibar, kauri kutoka Zanzibar hadi Lagos na Ouidah, huko zikabadilishwa kwa mafuta ya mawese, mawese yakarudi Hamburg kutengenezwa sabuni na mishumaa. Faida ilikaa katika mkono wa kati: kitu kilichonunuliwa kwa bei ya chokaa kilitumika kama pesa.

Hitilafu ya mzunguko huo ilikuwa ndani yake. Pesa inayoweza kuletwa kwa tani haibaki na thamani. Kauri za huku ni kubwa kuliko zile za Maldivi zilizozoeleka kule. Kadiri zilivyomwagwa ndivyo bei zilivyopanda, mpaka mzigo wa kununulia kitu ukawa mzito kuliko kitu chenyewe. Aliyekuwa amejiwekea akiba ya kauri nyumbani ndiye aliyebaki na hasara.

Tarehe 13 Juni 1859 Sultani Majid bin Said alifanya mkataba wa biashara na Lübeck, Bremen na Hamburg. Waliotia saini upande wa pili ni miji, na si kosa: nchi ya Ujerumani haikuwapo bado, na miji hiyo ilikuwa dola. Ndiyo maana ya vitendo ya "huru" ya pili. Miaka saba baadaye dada yake Majid, Bi Salme binti Said, aliondoka Zanzibar kwa siri, na mwaka 1867 huko Aden aliolewa na Heinrich Ruete, mfanyabiashara wa Hamburg. Mumewe alikufa mwaka 1870 kwa ajali ya tramu. Bi Salme, kwa jina lake la pili Emily Ruete, amezikwa katika makaburi ya Ohlsdorf mjini Hamburg.

Mwaka 1890, ukoloni ulipokwisha kuanza, kampuni ya meli ya Deutsche Ost-Afrika-Linie ilianzishwa Hamburg, ikilipwa na serikali ya Ujerumani mark 900,000 kwa mwaka ili ipeleke meli za barua pwani ya Afrika Mashariki. Kufundisha Kiswahili Hamburg kulitokana na mahitaji hayohayo: taasisi ya mambo ya koloni ilifunguliwa mwaka 1908, na mwaka 1919 chuo kikuu kikarithi kazi yake. Kiswahili kinafundishwa hapo mpaka leo. Tangu 2010 Hamburg na Dar es Salaam ni miji dada.

"Huru" ya tatu: ua wa bandari

Baada ya dola la Ujerumani kuundwa mwaka 1871, Hamburg ilikuwa jimbo lake lakini ilibaki nje ya mpaka wa forodha. Mji mzima, pamoja na nyumba na masoko, ulihesabiwa kama nchi ya kigeni kwa forodha. Wafanyabiashara wa bidhaa za ng'ambo walipenda hivyo. Wenye viwanda waliotaka kuuza Ujerumani waliteseka. Bismarck, kansela wa Ujerumani, aliubana mji, na mwaka 1881 wakaafikiana: Hamburg itaingia ndani ya forodha ya dola, lakini itabaki na eneo la bandari huru, na dola litachangia mark milioni 40 za ujenzi. Kazi ilitakiwa iishe Oktoba 1888.

Ujenzi wa bandari ulikuwa umeanza kubadilika mapema zaidi. Mwaka 1866 ilifunguliwa Sandtorhafen, na mhandisi Johannes Dalmann alifanya uamuzi uliozua ubishi: hakuweka milango ya maji. London ilikuwa na mabeseni yaliyofungwa kwa milango, kwa kuwa maji ya Thames hupanda na kushuka mita nyingi na meli ingekaa juu ya tope. Hamburg tofauti hiyo ilikuwa takriban mita mbili tu. Dalmann akaacha beseni wazi, akajenga gati refu lenye kreni za mvuke na reli ubavuni. Meli ikaweza kuingia saa yoyote na kupakua moja kwa moja kwenye behewa, bila kupitia tishali. Kumbuka hiyo tofauti ya mita mbili, tutarudi kwake.

Kwa bandari huru mji ulihitaji maghala ndani ya ua, karibu na ofisi za wafanyabiashara. Ardhi iliyochaguliwa, visiwa vya Kehrwieder na Wandrahm, ilikuwa na wakazi wapatao 20,000. Waliondolewa, wengi wakiwa wafanyakazi wa bandarini, na mji haukuwajengea pengine pa kukaa. Nyumba zao zikabomolewa, na juu ya nguzo za mbao zilizopigiliwa kwenye tope ikasimama Speicherstadt, mji wa maghala ya matofali mekundu.

Ghala la Speicherstadt lina mlango upande wa barabara na mlango upande wa mfereji. Tishali husogea na maji yakiwa yamejaa, winchi iliyo juu kabisa chini ya paa huteremsha kamba, na magunia huinuliwa hadi ghorofa inayotakiwa. Winchi za mwanzo ziliendeshwa kwa shinikizo la maji kutoka kituo kimoja cha mitambo. Kuta nene huzuia joto na unyevu kupanda na kushuka ghafla, jambo la lazima kwa kahawa, chai, kakao, viungo na mazulia. Ndani ya ua mwenye mali aliruhusiwa kuchambua, kuchanganya, kupakia upya na hata kutengeneza bidhaa. Forodha ililipwa tu mzigo ulipotoka kuingia Ujerumani. Ukitoka kwenda Sweden au Urusi haukulipiwa chochote. Faida yake kubwa ilikuwa muda: mfanyabiashara aliweza kukaa na kahawa mwaka mzima akingoja bei, bila mtaji wake kufungwa katika kodi.

Soko la pamoja la Ulaya ndilo lililoua mfumo huo. Shehena nyingi sasa hutoka au huelekea nchi zilizo ndani ya forodha moja, na ua ulibaki kusababisha foleni za malori. Bandari huru ilifutwa tarehe 1 Januari 2013. Maghala yenyewe yaliingizwa katika urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2015.

Bili ya 1892

Waliofukuzwa kwa ajili ya maghala walijibana katika mitaa ya vichochoro iliyokuwa imejaa tayari. Maji ya bomba ya mji yalitoka Elbe bila kuchujwa. Mfumo huo, uliosanifiwa na Mwingereza William Lindley baada ya moto mkubwa wa Mei 1842 ulioteketeza theluthi ya mji wa kati, ulikuwa wa kisasa ulipojengwa. Chujio lilijadiliwa miaka na miaka. Wenye nyumba na wafanyabiashara waliokalia mabaraza waliogopa gharama.

Maji yalivutwa juu ya mto, Rothenburgsort. Majitaka yalimwagwa chini yake, bandarini. Katika mto wa kawaida mpangilio huo ni sahihi. Katika mto unaojaa na kupwa, maji yakijaa huyarudisha majitaka juu. Agosti 1892 kulikuwa na joto kali na mto ulikuwa na maji machache. Kipindupindu kikaingia kwenye bomba na kufika kila mtaa. Wakuu walichelewa kutangaza kwa siku kadhaa, kwani tangazo lingefunga bandari. Kwa majuma machache waliugua karibu watu 17,000 na wakafa 8,605.

Altona, ng'ambo ya barabara tu, ilinusurika kwa kiasi kikubwa. Nayo ilivuta maji ya Elbe, tena chini zaidi, baada ya uchafu wote wa Hamburg. Ila Altona ilikuwa na machujio ya mchanga. Maji hupita polepole kwenye tabaka nene la mchanga juu ya kokoto, na kazi kubwa hufanywa na utando wa ute unaoota juu ya mchanga, unaonasa vijidudu. Robert Koch, daktari mtafiti wa vijidudu aliyetumwa na serikali, alisisitiza maji yasishuke kwa kasi ya zaidi ya milimita 100 kwa saa. Ukiharakisha, utando hupasuka na chujio huwa pambo. Utando ukiwa mnene mno hukwanguliwa, na hapo ndipo penye hatari. Majira ya baridi yaliyofuata, baridi iligandisha mchanga wa Altona wakati wa kusafisha, maji yakapita bila kuchujwa, na Altona nayo ikapata wagonjwa. Hamburg ilifungua machujio yake Kaltehofe mwaka 1893, kwa haraka ambayo miaka 20 ya mijadala haikuweza kuileta.

Karne ya 20, kwa ufupi

Mwaka 1937 serikali ya Wanazi ilichora upya mipaka: Altona, Harburg na Wandsbek zikaunganishwa na Hamburg, na ugomvi wa mikono miwili ya Elbe ukaisha kwa amri. Hamburg ilipoteza Cuxhaven na Neuwerk. Lübeck ilipoteza hadhi ya kuwa jimbo. Julai 1943 mabomu ya Uingereza na Marekani yaliua zaidi ya watu 30,000 kwa siku chache, wengi katika mitaa ya wafanyakazi mashariki. Usiku wa 16 kuamkia 17 Februari 1962 dhoruba ilisukuma bahari mtoni hadi mita 5.70 juu ya usawa wa bahari, matuta yakavunjika, na watu 315 wakafa mjini, wengi Wilhelmsburg. Matuta yaliinuliwa. Januari 1976 maji yalifika mita 6.45, juu kuliko 1962, na matuta ya mji yakashika.

Neuwerk ilirudishwa kwa Hamburg mwaka 1969, kwa sababu mji ulipanga kujenga bandari ya kina kirefu huko. Haikujengwa. Kontena lilikuwa limefika mwaka mmoja kabla, kwenye gati la Burchardkai, na Hamburg ikaamua kuileta meli mjini kwa kuuchimba mto.

Tope

Tofauti ya maji kujaa na kupwa Hamburg, iliyokuwa takriban mita mbili yapata mwaka 1900, leo inakaribia mita 3.8. Bahari haikubadilika kiasi hicho. Kilichobadilika ni mto. Kila mara mkondo ulipochimbwa, wimbi la bahari liliingia kwa wepesi zaidi. Kila tuta lililojengwa na kila mkono uliozibwa uliondoa mahali ambapo wimbi lingetapakaa na kuchoka. Sasa maji yanajaa kwa muda mfupi na kwa nguvu, yanapwa polepole. Yakijaa hubeba tope kupanda mto, na yakipwa hayana nguvu ya kulirudisha lote. Tope hutua palipo na maji tulivu, yaani kwenye mabeseni ya bandari.

Uchimbaji wa karibuni ulipangwa kwa karibu miaka 20 na kesi yake ikafika mahakama kuu ya utawala Leipzig, iliyotoa uamuzi mwaka 2017. Kikwazo kimoja kilikuwa mmea, Oenanthe conioides, unaoota kwenye tope la Elbe ya chini tu na hauoti popote pengine duniani. Januari 2022 meli ambazo tumbo lake hufika mita 13.5 chini ya maji ziliruhusiwa kupita saa yoyote, na zinazofika mita 14.5 zikifuata maji kujaa. Novemba mwaka huohuo mamlaka ikapunguza kina hicho kwa hadi mita moja, kwa sababu ya tope.

Sehemu ya tope linalochimbwa hupelekwa baharini, hadi karibu na kisiwa cha Helgoland, kwa ridhaa ya jimbo jirani la Schleswig-Holstein. Sehemu nyingine humwagwa mtoni karibu na Neßsand, mwendo mfupi chini ya bandari, maji yakiwa yanapwa. Ni karibu na ni rahisi. Kiasi chake kizuri hurudi na maji yanayojaa, hutua tena kwenye mabeseni, na mashine zilezile hulichimba upya.